Kupe Hatembei, Hubebwa

Pengine uko jikoni, pengine umeketi kibarazani ukichambua maharagwe, pengine unamnyonyesha mtoto. Endelea na kazi yako, sisi tunaomba masikio tu. Leo tunazungumza kuhusu kupe.

Najua kuna mama atakayesema, "Kupe ni mambo ya ng'ombe, hayo waambieni wanaume kule kwenye josho." Ngoja kidogo, mama. Kuna kupe wa malishoni na kuna kupe wa chumba cha kulala. Wote wawili wana historia ndefu hapa kwetu Afrika Mashariki, na ndani ya historia hiyo kuna watoto waliougua homa bila mtu kujua imetoka wapi, kuna mimba zilizotoka, na kuna maboma yaliyobaki bila ng'ombe hata mmoja wa kukamua.

Kwanza tumjue mwenyewe. Kupe hana mabawa, wala haruki kama kiroboto. Miguu anayo, sita anapoanguliwa na minane baadaye, lakini mwendo wake ni wa mita chache tu. Akitaka kuhama kijiji ni lazima abebwe. Atabebwa na ng'ombe, mbwa, nyati, kuku, ama mtu na mkeka wake. Na akishafika huko, kuishi kwake hakumo mikononi mwake. Kunategemea hali ya hewa: je, pana unyevu wa kutosha mayai yasikauke? Pana joto? Kisha, je, kuna mwenye damu atakayepita tena hapo? Hewa ya mahali na wanyama wa mahali ndivyo vinavyoamua kupe wawe wengi, wawe wachache, ama wasiwepo kabisa.

Tuanze na yule wa chumbani, kwa maana ndiye anayesahaulika zaidi. Kwa Kiswahili anaitwa papasi. Hafanani na kupe wa ng'ombe. Ni bapa, ana rangi ya udongo, ngozi yake imekunjamana kama kifuko kitupu cha ngozi, na mgongoni hana gamba gumu. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu ya udongo na chini ya ukuta uliokandikwa. Usiku hutoka, humpanda aliyelala, hunyonya kwa muda wa nusu saa hivi, kisha hurudi kwenye ufa wake. Asubuhi huoni kitu mwilini ila alama ya kuumwa, na wengi husema ni kunguni. Anaweza kukaa miaka kadhaa bila kula chochote na asife. Wenye nyumba wanaweza kufunga mlango wakaenda mjini, wakarudi baada ya mwaka mzima, na papasi bado yupo akiwangoja.

Ndugu zake wa porini wanaishi mpaka leo katika mashimo ya ngiri. Hebu fikiria shimo la ngiri lilivyo. Ndani ni giza na pakavu, jua kali halifiki, mvua hainyeshi, baridi ya usiku haipenyi sana, na mwenye shimo hurudi kulala humo humo. Sasa fikiria nyumba ya udongo ya zamani, yenye sakafu ya vumbi na mafiga katikati. Kwa papasi ni shimo lile lile, ila lina watu badala ya ngiri. Kupe wa malishoni hupigwa na jua na kungoja mvua. Huyu wa chumbani amepata mahali ambapo hali ya hewa ya nje haimsumbui. Ndiyo sababu amepatikana katika nchi kavu kama Dodoma, na pia katika sehemu za juu zenye baridi, mradi ndani ya nyumba kuna vumbi kavu na mtu amelala.

Alisambaa vipi? David Livingstone, yule mmisionari msafiri, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1857 jinsi alivyoumwa na kupe wa nyumbani akiwa Angola. Kwa hivyo papasi alikuwako kabla ya serikali za kikoloni kuigawa Afrika. Lakini katika karne hiyo ya 19 misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilikuwa imeongezeka sana, kutoka pwani kama Bagamoyo kwenda Tabora, Ujiji, mpaka Manyema nchini Kongo. Mpagazi alibeba mzigo wa tajiri, na juu yake mkeka wake wa kulalia. Jioni msafara ulipiga kambi katika vibanda vile vile walivyolala wenzao wa juzi. Papasi aliyeingia katika mkunjo wa mkeka usiku mmoja alishuka katika kijiji kingine usiku wa pili. Kwa miguu yake mwenyewe hangefika hata kisimani, lakini kwa kubebwa na mpagazi alivuka nchi nzima.

Mwaka 1904 madaktari wawili waliokuwa Uganda, Ross na Milne, walieleza kwamba ile homa iliyoitwa homa ya kupe ililetwa na vijidudu vyembamba, vilivyojisokota kama skrubu, vinavyoogelea ndani ya damu. Wakati huo huo Joseph Everett Dutton na John Todd, waliotumwa na chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Liverpool, walikuwa wakiichunguza homa hiyo mashariki mwa Kongo. Walionyesha kwa majaribio ya tumbili kwamba papasi ndiye anayeipeleka. Wote wawili waliugua. Dutton alifariki huko Kasongo tarehe 27 Februari 1905. Na Kasongo, wasikilizaji, ulikuwa mji mkubwa wa misafara kule Manyema. Kijana yule alifia kwenye kituo cha ile ile njia iliyombeba kupe. Kijidudu chenyewe kilipewa jina lake, na madaktari wanalitumia hadi leo.

Mwaka huo wa 1905 Mjerumani Robert Koch, yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuwa Tanganyika, ambayo wakati huo iliitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alifuata njia za misafara akichunguza sakafu za vibanda vya wasafiri. Aliwakuta papasi katika udongo mkavu, mahali ambapo mvua haikufika. Alichunguza pia vijiji vilivyokuwa mbali na njia, na huko nako aliwakuta. Kisha akaona vijidudu ndani ya mayai ya kupe. Yaani mama papasi huwarithisha watoto wake ugonjwa kabla hata hawajaonja damu ya mtu.

Kuna jambo lingine aliloliona Koch ambalo linatugusa sisi walezi. Watu wazima waliozaliwa katika vijiji hivyo hawakuugua sana, ilhali mgeni aliyelala usiku mmoja tu aliweza kulazwa na homa kali. Wenyeji walikuwa wameipata utotoni. Husemwa kwa urahisi kwamba wenyeji waliizoea. Kuizoea huko kuligharimu. Waliopambana nayo walikuwa watoto wachanga na wale wa miaka miwili mitatu, na wale ambao hawakushinda hawakuandikwa katika kitabu cha mtu yeyote.

Homa yenyewe huanza ghafla. Joto hupanda, kichwa na viungo huuma, mgonjwa hutapika. Baada ya siku tatu hivi hutoka jasho jingi, na homa huondoka. Watu wa nyumbani hushukuru Mungu na mtoto hurudi kucheza. Baada ya wiki moja hivi, homa inarudi. Huondoka tena, na huweza kurudi tena. Ndiyo maana huitwa pia homa ya kurudi rudi. Mama mjamzito ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa vijidudu hujaa kwa wingi katika damu yake na huweza kumfikia mtoto tumboni. Hospitali za Tanzania, upande wa Ziwa Victoria na upande wa Dodoma, zimeeleza jinsi homa hii ilivyosababisha mimba kutoka, watoto kuzaliwa kabla ya wakati, na wengine kufa siku chache baada ya kuzaliwa. Dawa ipo, na ni dawa za kawaida za kuua bakteria. Lakini itolewe katika kituo cha afya, kwa sababu vijidudu vikianza kufa kwa wingi mgonjwa anaweza kuzidiwa kwa saa chache, na anahitaji mtu wa kumwangalia.

Hapa Kenya homa hii iliwahi kuandikwa hasa kutoka Meru. Mtafiti aliyeiandika mwaka 1950, Walton, aliendelea kuwachunguza papasi, na mwaka 1962 akaonyesha kwamba wale tuliodhani ni kupe wa aina moja ni wa aina kadhaa. Wako wa mashimo ya ngiri na wako wa nyumba za watu. Hata wale wa nyumbani hawafanani katika hewa wanayoipenda wala katika damu wanayoitafuta, na wengine wamezoea kuku kuliko mtu.

Mama, hapo kwenye kuku tusipite haraka. Wengi wetu tulilelewa na nyanya waliolaza kuku jikoni ama chini ya kitanda, na walikuwa na sababu, maana kuku wa nje huliwa na kicheche au huibwa. Kwa papasi huo ni mlo wa pili ndani ya nyumba ile ile. Kwa karibu miaka 100 vitabu vilisema kijidudu cha Dutton hukaa kwa binadamu na kwa papasi peke yao. Mwaka 2007 watafiti waliofanya kazi katikati ya Tanzania walitangaza kwamba wamekuta dalili zake katika damu ya kuku na ya nguruwe. Kwa hivyo kama kuna uwezo wa kujenga kibanda cha kuku, hata cha fito na matope lakini chenye mlango wa kufunga, hiyo ni kazi ya kumkumbusha baba watoto wiki hii.

Kilichomshinda papasi katika nyumba nyingi ni saruji. Sakafu ya saruji isiyo na nyufa haina vumbi la kujichimbia. Asiye na saruji azibe nyufa kwa kukandika mara kwa mara, aweke kitanda mbali kidogo na ukuta, na achomeke neti chini ya godoro pande zote. Kulala chini kwenye mkeka ndiko kunakompa papasi kazi rahisi. Na mgeni akija na mkeka au godoro kutoka mbali, anika juani na ukung'ute nje kabla ya kuingiza ndani. Mgeni mwenyewe mkaribishe vizuri tu.

Sasa tutoke nje, twende malishoni. Huko mvua ndiyo inayotawala. Yuko kupe wa rangi ya kahawia anayependa masikio ya ng'ombe. Jike akishiba huanguka chini, hutaga maelfu ya mayai kwenye nyasi, kisha hufa. Watoto wake hupanda kwenye ncha za nyasi na kungoja mnyama apite. Hunyonya, huanguka, hujibadili ngozi, hupanda mnyama wa pili, na baadaye wa tatu. Kila anapoanguka anayaweka maisha yake rehani kwa hali ya hewa. Nyasi zikiwa fupi na jua kali, mayai hukauka. Mvua ikinyesha na nyasi zikirefuka, huponea wengi. Ndiyo sababu nchi kame ya kaskazini haimfai, ilhali Kakamega, Kericho na Kiambu zinamfaa, na palipo na mvua mbili kwa mwaka hupatikana karibu miezi yote. Ugonjwa anaoupeleka ni ndigana kali, ambayo Wamaasai huiita oltikana.

Huyu naye alibebwa. Miaka ya 1890 mwanzoni sotoka ilipita Afrika Mashariki na kuua sehemu kubwa ya ng'ombe, pamoja na nyati na wanyama wengine wa porini. Kufikia mwaka 1896 ilikuwa imevuka kwenda kusini mwa Afrika. Kisha vikaja vita vya Waingereza na Makaburu, kuanzia 1899 hadi 1902, na mifugo ikaisha zaidi. Walowezi wa kusini wakaamua kununua ng'ombe kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki. Walisafirishwa kwa meli mpaka Beira mwaka 1901, wakapelekwa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe.

Ng'ombe wa pwani walionekana wazima kwa sababu ndigana waliipata wakiwa ndama, kama wale watu wazima wa vijiji vya Koch. Lakini ugonjwa ulisafiri nao. Huko kusini kupe wa kahawia alikuwa tayari yupo na mvua za kumtosha zilikuwapo. Kilichokosekana ni ndigana tu, na sasa ilikuwa imefika. Kufikia 1902 ng'ombe wa huko, ambao hawakuwa na kinga yoyote, walikuwa wakifa kwa wingi. Koch aliitwa Bulawayo mwaka 1903 kuchunguza, na mtaalamu wa wadudu wa Rasi, Charles Lounsbury, ndiye aliyeonyesha kwamba mwenye kuupeleka ni huyu kupe wa masikio. Waliupa ugonjwa jina la pwani yetu, homa ya pwani ya mashariki. Kuumaliza kusini kulichukua mpaka karibu mwaka 1960, kwa majosho, nyua na kuchinja.

Sisi huku haukuondoka, na jambo lile la mwenyeji na mgeni limebaki vile vile. Ndama wa kienyeji anayezaliwa penye kupe huweza kupona na kupata kinga. Ng'ombe wa gredi aliyekulia mahali pasipo na kupe, ukamnunua kwa pesa za chama cha akina mama na kumleta kwenye nyasi ndefu, huweza kufa ndani ya wiki chache, na maziwa ya watoto yakaenda naye. Uliza anakotoka kabla ya kulipa. Uliza pia daktari wa mifugo kuhusu chanjo ya ndigana, iliyotokana na utafiti uliofanywa hapa Kenya, Muguga, miaka ya 1970. Majosho ya serikali yaliyokuwa kila kata yalidhoofika gharama ziliporudishwa kwa wafugaji, mwisho wa miaka ya 1980 na miaka ya 1990. Tangu hapo kila mwenye boma anajitafutia pampu na dawa.

Wengine hulaumu wanyama wa porini. Ni kweli nyati hubeba kijidudu cha ndigana bila kuugua. Lakini utafiti wa Laikipia uliochapishwa mwaka 2018 ulileta jambo ambalo mimi mwenyewe sikulitarajia. Mashamba yaliyochanganya wanyama wa porini na ng'ombe wanaopakwa dawa yalikuwa na kupe wachache kuliko yale yenye wanyama wa porini peke yao. Kupe hupanda ng'ombe mwenye dawa, naye hufa. Ng'ombe aliyeogeshwa vizuri huwa kama mtego unaotembea.

Dawa hiyo ya ng'ombe, mama, ibaki kwa ng'ombe. Kuna wanaoinyunyiza kitandani, kuna wanaompaka mtoto kichwani kuua chawa. Ni sumu, hupenya ngozini, na mtoto huweza kufa. Chupa isiwekwe jikoni, na isitumiwe tena kubebea maziwa wala maji.

Mtoto anayechunga mbuzi au kucheza na mbwa mkague jioni: nyuma ya masikio, shingoni, kwapani, kwenye kinena. Ukimkuta kupe, mshike karibu kabisa na ngozi kwa kibanio au kwa vidole vilivyofunikwa, umvute moja kwa moja polepole. Usimmwagie mafuta ya taa, usimchome kwa moto, usimpasue kwa kucha. Nawa mikono na usafishe kidonda kwa sabuni. Baadaye mtoto akipata homa na pale alipoumwa pakawa na kigaga cheusi, mpeleke hospitali. Hiyo ni homa nyingine ya kupe, na moja ya aina zake ina jina la Kenya katika vitabu vya madaktari.

Sasa turudi kwa papasi, kwa jambo moja ambalo huenda likakupata wewe. Zamani mtoto mwenye homa alitolewa damu, ikapakwa kwenye kioo na kuangaliwa kwa hadubini. Aliyekuwa akitafuta malaria aliweza kuviona vile vijidudu vya Dutton vikiogelea humo humo. Siku hizi vituo vingi hutumia kile kipimo cha haraka cha kudungwa kidole. Ni kizuri, na kimeokoa wengi, lakini kinatambua malaria peke yake. Tuseme mtoto wako amepimwa, jibu likawa hana malaria, homa ikaondoka, na baada ya wiki ikarudi. Ama wewe mwenyewe ni mjamzito na homa yako inakwenda na kurudi. Usirudi dukani kununua vidonge. Rudi kituoni, mwambie mhudumu homa ilianza siku gani, iliondoka siku gani, imerudi siku gani. Mwambie kama mnalala kwenye sakafu ya udongo, kama kuku wanalala ndani, kama mmetoka safari mkalala kwenye nyumba ya namna hiyo. Kisha umwombe damu ipakwe kwenye kioo na iangaliwe kwa hadubini, homa ikiwa bado iko juu, maana ikishashuka vijidudu huwa vigumu kuonekana.